Makopo 2520 ya maharagwe

Katika kambi moja ya wakimbizi wa ndani, jimboni Kivu Kaskazini, mwalimu wa hesabu aliyekimbia kijiji chake bila hata kipande cha chaki alipewa kazi ambayo wengine walikuwa wameikataa: kugawa maharagwe. Mgao uliotangulia uliisha kwa ugomvi. Makopo machache yalibaki chini ya turubai, na asubuhi hayakuonekana tena.

Safari hii yalifika magunia 36, kila moja makopo 70. Jumla, 2520. Mwalimu alitabasamu, maana namba hiyo aliifundisha miaka mingi. Ndiyo ndogo kuliko zote zinazogawanyika kwa 1, kwa 2, kwa 3, hadi 10, bila kubakiza kitu.

Vijana walipomzunguka, aliandika kwa makala juu ya kipande cha katoni: 8 mara 9 mara 5 mara 7. Ndani ya 8 mna 2 na 4. Ndani ya 9 mna 3. 2 na 3 zinazaa 6. 2 na 5 zinazaa 10. Kwa jumla, namba 48 zinaigawa 2520 sawasawa. Akawaambia kwamba Plato, mwenye hekima wa Ugiriki ya kale, alipopanga mji wa haki kitabuni, alichagua familia 5040, yaani 2520 mara mbili, kwa sababu hiyo hiyo ya kugawanyika kwa urahisi.

Familia zilizoandikwa zilikuwa 60: kila moja makopo 42. Jioni zikaongezeka tatu: 63, kila moja 40.

“Na tukizidi tena, Mwalimu?” mama mmoja akauliza.

“Tukiwa 70, Mama, ni 36. Tukiwa 72, ni 35.”

Kijana mmoja akataka kuongeza kopo moja la akiba. Mwalimu akatikisa kichwa. 2521 ni namba tasa: haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Kwa ajili ya kopo moja tu, hakuna mgao wa sawasawa ungewezekana tena pale kambini.

Alfajiri, foleni ikiwa imeshapangwa, mjane mmoja alifika na watoto wake, miguu imejaa matope. Familia ya 64. Watu wakanyamaza. Mwalimu akafuta, akaandika upya: kila familia 39, yanabaki 24. Kila mmoja angepoteza kopo moja. Hakuna aliyekataa, lakini macho yote yalikuwa kwenye yale 24.

Aliyahesabu kwa sauti, mbele ya wote, mara mbili. Kisha akauliza yaende wapi. Wamama wakasema: chungu kimoja kikubwa, kwa watoto wote, leo hii.

Yalipikwa kabla ya jua kuzama. Kwenye katoni, chini ya hesabu, mwalimu aliandika: limebaki 0.