Fuko aliyefanya kazi FBI

Jamani wadau, leo naungama.

Juni 5, 2023, Robert Hanssen alifia gerezani Colorado, Marekani, akiwa na miaka 79. Kama humkumbuki, ni yule afisa wa FBI aliyewauzia siri Wasovieti na baadaye Warusi, kwa vipindi tofauti, kuanzia 1979 hadi alipokamatwa Februari 2001. Walimlipa zaidi ya dola milioni 1.4, almasi zikiwemo. Mimi nilikuwa zamu ya usiku, nina miezi minne tu kazini, nikapewa habari hiyo niitafsiri. Kiingereza kilimwita Hanssen mole. Nikafungua kamusi, nikachukua neno la kwanza nililolikuta. Basi bwana, taifa zima (aa wapi, redio yetu haifiki mbali hivyo) likasikia kwamba FBI waliajiri fuko.

Mzee mmoja akapiga simu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akauliza taratibu kabisa: "Mwanangu, huyo fuko walikuwa wanamfuga, au alichimba mwenyewe akaingia?"

Tangu siku hiyo hili neno limenikaa rohoni. Herufi nne tu, lakini ndani yake wamo wapangaji wasiojuana. Yupo mnyama mchimbaji wa Ulaya, ambaye Waingereza wa zamani walimwita pia mouldwarp, yaani mtupa udongo. (Huyu wetu anayemaliza viazi shambani ni jamii ya panya, hata hawana undugu.) Kutoka kwa mnyama akazaliwa jasusi wa ndani, anayechimba chini kwa chini, aliyeizoesha dunia maana hiyo ni John le Carré, kwa riwaya yake ya 1974, Tinker Tailor Soldier Spy. Sisi tungesema pandikizi, ila Hanssen hakupandikizwa na mtu, alijipeleka mwenyewe kuuza. Ndumilakuwili inamfaa zaidi.

Halafu kuna ile moli iliyotutesa kwenye kemia. Mjerumani Wilhelm Ostwald aliifupisha kutoka neno molekuli miaka ya 1890, na molekuli inatokana na neno la Kilatini moles, yaani rundo kubwa. Kilatini hicho hicho ndicho kilichozaa mole ya bandarini, ule ukuta wa mawe wa kuzuia mawimbi. Kwa hiyo ukuta wa bandari na mtihani wa kemia ni binamu! Wamexico nao wana mole yao, hutamkwa kama tunavyosoma sisi, mo-le, kutoka lugha ya Nahuatl, maana yake mchuzi. Ndiyo iliyomo kwenye guacamole, mchuzi wa parachichi.

Nilikuwa naona haya yote ni ya kuchekesha tu, mpaka nilipopewa kuandaa kipindi cha afya. Makala ya Kiingereza ilisema ukiona mole yako inabadilika umbo, rangi au ukubwa, nenda kwa daktari. Hii sasa inatoka Kiingereza cha kale, māl, doa la kwenye nguo. Inaweza kuwa mwanzo wa saratani ya ngozi, na kwa sisi weusi aina hiyo hujificha hasa nyayoni, viganjani na chini ya kucha. Bob Marley alikuwa nayo chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Mwanzoni ilidhaniwa ni jeraha la mpira. Iligunduliwa 1977, akafariki Mei 11, 1981, ana miaka 36.

Nikamfikiria yule mzee wa simu. Ningemwambia achunguze fuko wake, angekwenda shambani.

Nikaandika "kidoa cheusi au cha kahawia kwenye ngozi". Mhariri akasema maneno saba ni mengi, muda hautoshi. Nikamwomba akate salamu zangu za kufunga kipindi.