Eurovision na lugha ya Kambo

Mwezi wa tano, saa za Lubumbashi hulingana na za Brussels. Fainali ya Eurovision ikianza kule saa tatu usiku, hapa kwetu pia ni saa tatu usiku, na tangu mwaka 2009, umeme usipokatika, sijaikosa.

Mwaka huo nilikuwa na miaka minane. Kwa jirani mwenye parabole tulimtazama kijana wa Norwei, Alexander Rybak, akipiga fidla na kushinda kwa alama 387. Maneno ya wimbo sikuyaelewa. Nilichoelewa ni hesabu: kila nchi hugawa alama, moja hadi nane, kisha kumi, kisha kumi na mbili, wala hakuna nchi inayoruhusiwa kujipigia kura. Kesho yake watoto wa mtaa tulishindana uani kwa kanuni hizo hizo.

Nilipoingia kitivoni niligundua kwamba shindano hili ni somo zima la isimujamii. Kuanzia 1966 hadi 1972, na tena kuanzia 1977 hadi 1998, kila nchi ilitakiwa kuimba kwa lugha yake. Tangu 1999 kila mmoja huimba kwa lugha aipendayo, na wengi wakakimbilia Kiingereza. Hakuna aliyewalazimisha. Walifuata alama.

Mwaka 2021 Sweden ilimtuma Tusse, aliyezaliwa Kongo hii yetu na kufika huko akiwa mtoto mkimbizi. Mwaka uliofuata Ubelgiji ilimtuma Jérémie Makiese, mzaliwa wa Antwerp, wazazi wake Wakongomani. Alipopanda jukwaani nilipiga kelele hadi nyumba nzima ikaamka. Kisha nikakasirika. Wote wawili waliimba Kiingereza. Hata mstari mmoja wa lugha ya kwetu? Stella Mwangi, mzaliwa wa Nairobi, aliiwakilisha Norwei mwaka 2011 kwa wimbo "Haba Haba", na ndani yake mna Kiswahili.

Wenzangu hunikumbusha kwamba Stella hakuvuka nusu fainali. Ni kweli. Lakini mwaka 2003 kundi la Urban Trad la Ubelgiji liliimba "Sanomi" kwa lugha ya kubuni, lugha isiyo na msemaji hata mmoja, isiyo na bibi wala mjukuu, likawa la pili, likiachwa na Uturuki kwa alama mbili tu. Basi hofu ya kutoeleweka peke yake si sababu ya kuificha lugha.

Hoja hiyo niliishika kwa fahari hadi usiku ule ule wa Makiese. Bibi yangu, ambaye nyumbani sote twamwita Kambo, aliamshwa na kelele zangu. Akaja, akaketi, akaniuliza kwa Kisanga kijana yule anaimba nini. Nikamweleza kwa Kiswahili. Aliniacha nimalize.

"Mjukuu wangu," akasema, "mimi nimekuuliza kwa Kisanga."

Nikajaribu. Jina la wimbo lilitaja hamu ya mtu asiyekuwepo, na neno la hamu hiyo kwa Kisanga sikuwa nalo. Kambo akanipa yeye, kisha akarudi kulala.

Nilibaki mbele ya televisheni, sauti nimeishusha. Nilikuwa nimemdai kijana wa Antwerp kitu ambacho mimi, mwanafunzi wa lugha za Kiafrika, nilishindwa kukitoa sebuleni kwetu. Mimi pia hakuna aliyenikataza Kisanga. Shuleni alama zilikuwa za Kifaransa, mjini Kiswahili kilitosha, nami nikafuata njia ya alama kama Ulaya nzima baada ya 1999.

Mwaka huu nimeomba kubadilisha mada ya kazi yangu ya kumaliza masomo. Nilikuwa nimechagua sarufi ya Kiswahili sanifu, ambayo vitabu vyake vipo vingi. Sasa ninakusanya msamiati wa hisia katika Kisanga, na mtaalamu wangu mkuu hajui kusoma wala kuandika. Huenda nikapata alama chache. Eurovision nitaendelea kuitazama, Kambo akiwa pembeni yangu asiposinzia.

Neno la kwanza katika orodha yangu ni lile la hamu. Amelisema mara tatu kwenye simu yangu, polepole, kama mtu anayemfundisha mgeni.