Shanga za bibi zilitengenezwa wapi?

Gari likiacha Mto wa Mbu na kupanda ukuta wa Bonde la Ufa, masikio huziba, baridi huingia dirishani na udongo hugeuka mwekundu. Rhotia inapita, kisha Karatu mjini, kisha vijiji vya kata kama Daa, vyenye mahindi, maharage na mbaazi. Magari ya watalii hupita mbio kuelekea Ngorongoro. Anayesimama na kuuliza kama kuna "vitu vya zamani" mara nyingi ni mnunuzi.

Kwa Wairaqw, ambao wengi huwaita Wambulu, kitu hicho ni sketi ya ngozi iliyoshonewa shanga. Wasichana waliishona wakiwa ndani kwenye marmo, unyago ulioachwa wakati wa ukoloni wa Mwingereza. Nyingine sasa zipo kwenye makumbusho ya Ulaya na Marekani. Zilizobaki ziko kwenye masanduku ya mabibi, au zimebaki shanga tu ndani ya kopo. Asiyejua alicho nacho hukiuza kwa bei ya kitenge.

Ngozi ni ya hapa. Kioo kilitoka mbali. Katika karne ya 19 misafara ya kutoka pwani ilibeba shanga za Venice, na Waswahili walizipa majina yao, kama samesame kwa zile nyekundu. Baadaye soko likajaa shanga za Bohemia, hasa mji wa Jablonec, ambao leo uko Jamhuri ya Czech. Hata sasa washonaji wa shanga wa Arusha huzipenda za Czech kwa sababu zinalingana na rangi haichujuki upesi.

Kuzitambua hakuhitaji mtaalamu mwanzoni. Kamera ya simu inatosha: kaa kwenye mwanga, vuta picha karibu. Mistari au vipovu vikifuata urefu wa tundu, kioo kilivutwa kama mrija kisha kikakatwa. Mistari ikizunguka tundu, kioo kilizungushwa kwenye waya. Ukiona mshono mwembamba kama wa chupa, ushanga ulibanwa kwenye kalibu, kazi ambayo Jablonec iliijulia sana. Nyekundu yenye moyo mweupe watu huiita ya Venice bila kusita, lakini Bohemia nayo iliitengeneza.

Jina la kiwanda ndilo gumu. Ushanga hauna muhuri, na huko Jablonec nyingi za kubanwa hazikutoka kiwandani. Zilitengenezwa kwenye vibanda vidogo, na watu wa milimani wenye baridi kuliko ya Karatu, kisha wafanyabiashara wa mjini wakazisafirisha. Baada ya 1945 wasemao Kijerumani walifukuzwa, na wengi wakaanzisha upya kazi hiyo Neugablonz, Bavaria. Kwa hiyo anayekutajia kiwanda kwa kutazama ushanga mmoja anabahatisha.

Fundi wa pili, aliyeshona, anaweza kujulikana, ila kwa muda tu. Bibi anaweza kusema ni mkono wa nani, rangi zilipangwa vile kwa nini, na shanga zilinunuliwa kwa mbuzi au kwa hela. Hilo halipo kwenye makumbusho yoyote. Mrekodi kwa simu kabla ya kufikiria bei, na watoto wakae wasikie, hasa akizungumza Kiiraqw.

Sketi isifuliwe: maji hukakamaza ngozi na kuozesha uzi. Brashi laini inatosha, kisha ikunjwe kidogo iwezekanavyo ndani ya kitambaa cha pamba, mbali na jua. Na mtoto mchanga asivishwe shanga hizo wala kuziweka mdomoni. Anaweza kukabwa, na baadhi ya vioo vya zamani, hasa vyenye rangi kali, vina risasi. Shanga zilizodondoka zihifadhiwe kwenye chupa moja pamoja na uzi wake wa zamani, kwa sababu uzi nao humwonyesha anayechunguza kama shanga zilitungwa upya.