Bunduki za Mkaratusi

Sisi tuliosoma shule ya msingi mjini Sumbawanga miaka ya 1980 tulijua kwata kabla ya kujua kugawanya. Asubuhi, baridi ya Ufipa ikiwa bado inauma masikio na milima ya Mbizi imefunikwa ukungu, tulianza na mchakamchaka. Tukirudi uwanjani jasho linatutoka ndani ya sweta, ndipo paredi inaanza: kucha, nywele, meno, kisha mguu sawa, mguu pande, kulia geuka. Nyimbo za mchakamchaka zilikuwa nyingi, lakini aliyeimbwa kuliko wote alikuwa mtu mmoja tuliyemwita Nduli. Idi Amin alikuwa amekwisha kuikimbia Kampala tangu Aprili 1979, mji ule ulipotekwa na majeshi yetu. Katika barabara za vumbi za mtaa wetu wa Chanji tuliendelea kumfukuza kila asubuhi kwa miaka mingi baadaye, na wadogo zetu waliozaliwa vita vikiwa vimekwisha walimfukuza pia.

Wachache tulichaguliwa kuingia gwaride la Chipukizi. Chipukizi walikuwa watoto wa Chama, na Chama kilikuwa kimoja, kwa hiyo mtoto hakuona mpaka kati ya shule, Chama na nchi. Tulivaa skafu shingoni, tukafundishwa na mgambo mmoja aliyerudi salama kutoka vita vya Kagera, vile vilivyomng'oa Amin, mtu mrefu, mkimya, ambaye sauti yake tuliisikia wakati wa kutoa amri tu. Siku ya mashujaa ilipokaribia, vipindi vya mchana vilisimama, tukashinda uwanjani.

Bunduki tulichonga wenyewe. Mti ulikuwa mkaratusi, kwa kuwa mikaratusi ndiyo iliyotuzunguka, na ukiwa mbichi unachongeka kwa panga la nyumbani. Tabu yake ni kwamba ukikauka haraka juani hupinda na kupasuka. Kwa hiyo tulizipandisha juu ya kichanja cha jikoni, zikauke polepole na moshi, na mama zetu walilalamika kwamba bunduki zimechukua nafasi ya mahindi ya mbegu. Mkanda tulikata kwenye mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli. Rangi ilitoka kwenye betri za redio zilizokwisha nguvu: unaipasua betri, unatoa lile kaa jeusi la katikati, unalisaga juu ya jiwe, unachanganya na maji ya majani yaliyopondwa. Ndiyo rangi ile ile tuliyopaka ubao wa darasani. Siku ya kwanza inashika vizuri, siku ya pili inahamia kwenye bega la shati jeupe, na mgambo wetu yule alizikagua bunduki bega kwa bega bila kusema neno. Nakumbuka alivyoichukua bunduki yangu, akaipima uzito mkononi, akanirudishia kitako kikiwa kimetazama chini kama inavyotakiwa.

Siku yenyewe ilikuwa ya shangwe. Walipita polisi, wakapita magereza, wakapita mgambo, halafu sisi, na tulipotupa miguu mbele ya jukwaa uwanja mzima ulilipuka kwa vigelegele. Wazee wawili watatu waliopigana Burma katika jeshi la Mwingereza, KAR, walikaa kwenye viti vya mbele wakiwa na medali kwenye makoti. Wimbo ulikuwa wa ushindi, hotuba zilikuwa za ushindi. Dakika ya kunyamaza kama ilikuwepo, haikuacha alama kichwani mwangu. Mtoto wa miaka kumi na moja aliondoka pale akijua nani alipigwa. Nani alikufa upande wetu, hakujua.

Mimi nilikuja kujua kwa njia nyingine. Tukitoka mazoezini tulipita mbele ya nyumba ya bibi mmoja wa mtaa wetu. Tulipita tukiimba, bunduki begani. Siku moja alikuwa ameketi kwenye mkeka akipepeta ulezi. Alituangalia, akaweka ungo chini, akaingia ndani na kufunga mlango, na ulezi akauacha nje na kuku. Nilimweleza mama jioni, nikidhani bibi anaumwa.

"Msipite pale mkiimba," mama aliniambia. "Bibi yako yule ana mtoto wake huko."

Huko ni Kagera. Kijana wake alichukuliwa na mgambo mwishoni mwa 1978, baada ya Mwalimu Nyerere kulitangazia taifa mwezi Novemba kwamba tunakwenda kupigana. Jeshi lilikuwa dogo, na mikoa yote ilitakiwa kutoa watu. Rukwa ilikuwa mkoa mchanga, umeanzishwa 1974, hauna lami, na masika ile barabara ya Tunduma ilikuwa matope matupu. Vijana walipanda malori wakaondoka. Huyu hakufa kwa risasi. Lori lilipinduka, na habari zilifika Chanji baada ya miezi. Nilipokua kidogo niliwasikia watu wazima wakibishana barazani, tena kwa nia njema, kama aliyekufa kwa ajali kabla ya kumwona adui anahesabiwa shujaa.

Ubishi ule ulinikaa rohoni mpaka nikawa mwalimu. Ndipo nikasoma hesabu zilizoandikwa na Tony Avirgan na Martha Honey, waandishi wa habari waliofuatana na jeshi letu mpaka ndani ya Uganda na kutoa kitabu chao 1982. Kwa hesabu hizo Tanzania ilipoteza askari 373, na waliouawa katika mapambano ni 96 tu. Maana yake ni kwamba kwa kila wanne waliokufa, karibu watatu walikufa nje ya mapigano. Yule kijana wa Chanji ndiye sura halisi ya marehemu wa vita vile, na waliokuwa na shaka naye walikuwa wakiwatilia shaka wengi wa wale wanaowakumbuka kwa heshima kila mwaka. Laiti ningeweza kumwambia bibi yule. Alifariki kabla sijajua.

Chipukizi walitoka mashuleni mfumo wa vyama vingi ulipoingia 1992. Haikuwa siku moja. Skafu zilichakaa tu na hazikununuliwa nyingine. Mwaka 1994 vijana wa mujibu wa sheria nao wakaacha kwenda Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, na kwa muda mrefu mji wetu ulikuwa na kizazi kisichojua mguu pande. Wapo wanaousikitikia wakati ule wa kwata. Mimi siusikitikii wote. Kumfundisha mtoto kuimba kuhusu kuua mtu, hata awe nduli kweli, si jambo la kurudia, na ninayesema hivyo nilikuwa na sauti kubwa kuliko wenzangu.

Waliojaza nafasi ni skauti. Walianza taratibu, shule moja moja, wakiwa na kaki na skafu na fimbo ndefu badala ya bunduki. Fimbo ya skauti ni kitu cha kuvukia mto na kubebea majeruhi, na ukimwona mtoto ameishika wima pembeni ya mguu huwezi kumchukulia kama askari mdogo. Kwa macho yangu hilo ndilo badiliko kubwa kuliko yote. Badiliko la pili lililetwa na JKT iliporudishwa kwa wahitimu wa kidato cha sita mwaka 2013. Wasichana wa mtaani kwetu walikwenda, wakarudi wembamba, weusi kwa jua, na kwata yao imenyooka kuliko yetu ya zamani. Mpwa wangu mmoja alirudi akaanza kuwafundisha skauti wa shule yetu jioni. Enzi zangu wasichana walibeba maua. Katika kundi la skauti ninalolilea sasa, anayetoa amri ni binti wa darasa la sita, na wavulana wanaogeuka vibaya wanamwogopa yeye kuliko mimi.

Siku ya Mashujaa sasa ni tarehe 25 Julai, katikati ya baridi na mavuno ya mahindi, na si siku ya mapumziko. Kitaifa utaratibu wake ni mzito na unapendeza. Usiku wa kuamkia siku hiyo, saa sita kamili, unawashwa mwenge wa kumbukumbu, unaozimwa usiku unaofuata saa kama hiyo. Mchana Rais anaweka mkuki na ngao kwenye mnara, Mkuu wa Majeshi anaweka sime, kiongozi wa mabalozi anaweka shada la maua, meya anaweka upinde na mshale, na mwakilishi wa wazee waliopigana vita anaweka shoka. Linapigwa buruji, watu wananyamaza, viongozi wa dini wanaomba kila mmoja kwa dini yake. Mwaka 2016, Rais Magufuli alitumia siku hiyo hiyo, Dodoma, kutangaza kwamba serikali itahamia huko. Tuliisikiliza hotuba kwenye redio pale shuleni. Kwa wiki nzima mji ulizungumza habari za makao makuu, na mashujaa hawakutajwa tena. Nililiona hilo na likaniuma.

Huku kwetu shughuli ni ndogo. Mwaka mwingine ni usafi na kupanda miti, mwaka mwingine skauti wanatembea kwa mistari na kusimama kimya. Ninapowaangalia wamenyamaza, mikono imekufa ganzi kwa baridi na hakuna anayejikuna, nasema hawa wamefika mahali sisi hatukufika. Sisi tulishangilia. Wao wanakumbuka. Kasoro ni kwamba hawana wa kumkumbuka. Mashujaa kwao ni neno la wingi lisilo na uso hata mmoja. Makaburi ya Kaboya, kule Muleba, yako mbali na Sumbawanga. Mtoto wa Chanji ana nafasi ndogo ya kwenda kusoma majina jiwe kwa jiwe.

Na si vita vya Kagera peke yake. Ukitoka hapa ukapita Matai ukavuka mpaka Kasesya, unafika Mbala, Abercorn ya zamani. Pale Jenerali wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, alisalimisha silaha tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya Vita Kuu ya Kwanza kwisha Ulaya. Boma la Kasanga, wakati ule Bismarckburg, lilikuwa limekwisha kuanguka 1916. Vita vile vilipita juu ya ardhi yetu na juu ya vichwa vya babu zetu, maana mizigo mingi ilibebwa na watu. Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, iliyosimamishwa 1927, inawataja wapagazi, lakini inawataja kwa jumla. Majina hayapo. Koo za Kifipa zinazojua babu gani alikwenda na hakurudi zinapungua kila msiba.

Ndiyo maana skauti wangu wana daftari. Ni la kurasa mia, jalada gumu, linafungiwa ndani ya kabati la mwalimu mkuu. Jumamosi wanakwenda wawili wawili kwa wazee wa Chanji na mitaa jirani, wanaamkia, wanasaidia kidogo kazi iliyopo, kisha wanauliza. Maswali wanayatunga wao. Mmoja alimwuliza mzee wa mgambo, "Babu, kulala mlilala wapi siku ya kwanza?" Mzee yule, ambaye nimemjua maisha yangu yote na sijawahi kumsikia akitaja vita, alizungumza mpaka jua likazama: lori, treni, meli ya Mwanza, mvua ya Kagera, migomba iliyokatwa, jirani yake aliyekufa kwa homa akiwa na barua ya mkewe mfukoni haijafunguliwa. Ukurasa wa kwanza wa daftari ni wa mtoto wa bibi mpepeta ulezi. Umeandikwa jina, mtaa, mwaka alioondoka, na sababu ya kifo kama ilivyokuwa: ajali ya lori.

Julai iliyopita yule binti wa darasa la sita aliyasoma majina machache tuliyoyapata, mbele ya mstari, kabla ya kunyamaza. Baada ya pale wazee wawili walimfuata wakivutana. Mmoja anasema jina la nne limekosewa, kijana yule alikuwa wa Kizwite. Mwingine anasema hapana, Kizwite alioa tu, kwao ni Chanji. Binti akachukua kalamu, akaandika mitaa yote miwili pembeni ya jina, akawauliza kama mjane bado yupo.

"Yupo," mmoja akasema. "Nyumba yake iko karibu na mashine ya kusaga."

Jumamosi iliyofuata akaenda.