Ukambani: Safari ya Kutafuta Maji Yaliyojificha

Msomaji, ni mara ngapi umepita Makueni bila kuiona? Unapoelekea Mombasa kwa likizo, unaanza kusinzia pale Salama, unafumbua macho Emali kununua machungwa, kisha unasinzia tena hadi Mtito Andei. Ukiulizwa uliona nini njiani, jibu lako ni vichaka, vumbi na malori. Kitui nayo ndiyo kabisa! Wengi wetu hapa mjini huisikia redioni tu wakati wa kiangazi, chakula cha msaada kinapogawanywa.

Wahenga walinena: tembea uone. Juma hili tunakualika, wewe na jamaa yako, katika mzunguko wa takriban kilomita 500 unaoanzia na kuishia Nairobi. Njia yenyewe inapitia Sultan Hamud, Makindu, Kibwezi, Mutomo, Kitui na Machakos. Ni safari ya siku mbili, na gari dogo la kawaida linatosha kwa kuwa lami imefika kote huko. Lakini kabla ya kutoka nyumbani, wape watoto swali moja la kwenda nalo: katika nchi hii inayoitwa kame, maji yako wapi?

Milima inayokunywa mvua

Ondokeni alfajiri, malori yangali machache. Mkifika Salama tazameni kushoto, mtaona milima ya Kilungu. Miteremko yake imekatwakatwa matuta kama ngazi, kutoka chini hadi karibu na kilele. Mkulima huchimba mtaro na kuutupa udongo upande wa juu ili mvua ikinyesha maji yasiukimbize udongo bondeni. Mtindo huo unaitwa "fanya juu", na jina hilo la Kiswahili limeingia hata katika vitabu vya wataalamu wa kilimo ng'ambo. Hilo ndilo jibu la kwanza la swali letu: huku, tone la mvua haliachwi lipite hivi hivi.

Sultan Hamud ni mji mdogo wenye jina kubwa. Ulipewa jina la Hamoud bin Mohammed, Sultani wa Zanzibar aliyetawala kuanzia 1896 hadi 1902, miaka ile ile reli ilipokuwa ikijengwa kutoka pwani. Kati ya hapo na Emali, ikiwa mbingu ni safi, mwambie dereva apunguze mwendo na mwangalie upande wa kulia. Lile wingu jeupe lisilosogea si wingu. Ni theluji ya Kilimanjaro, mlima wa mita 5,895. Ikipita saa tatu asubuhi, mara nyingi mlima hujifunika, na ukichelewa usimlaumu mwandishi!

Mbele kidogo, upande uo huo wa kulia, vinatokea vilima vya Chyulu, vya kijani na mviringo kama mikate iliyopangwa kwenye sinia. Vilitokana na volkeno, na baadhi ya lava yake ni changa mno, kwani ilitoka ardhini katikati ya karne ya 19. Juu ya vilima hivyo mvua hunyesha, lakini huoni mto ukiteremka. Majivu na mawe yenye matundu huyanywa maji yote, yakapita chini kwa chini, na kuibuka mbali kwenye chemchemi. Kijani mnachokiona ghafla Kiboko, Makindu na Kibwezi kinatokana na maji hayo. Upande wa pili wa vilima yanaibukia Mzima, na kutoka huko hupelekwa kwa bomba hadi Mombasa. Kwa hiyo Mombasa nayo hunywa mvua ya Chyulu, ingawa ni wachache wanaopita hapa wakilijua hilo.

Pumzikeni Makindu, kwenye hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka wa 1926. Chimbuko lake ni wale mafundi Wahindi waliokuja kujenga na kuendesha reli. Msafiri yeyote, wa dini yoyote, hupewa chakula bila malipo. Masharti ni machache: vueni viatu, funikeni vichwa, na msimwage chakula. Ukiwa na sadaka, toa. Usipokuwa nayo, shukuru uende zako.

Mto uliogeuka kuwa mlima

Mjini Kibwezi mnaiacha Barabara Kuu ya Mombasa na kukata kushoto. Hapa ndipo safari hasa inapoanza. Malori yanabaki nyuma, udongo unakuwa mwekundu kama tofali, na mibuyu inaanza kujitokeza, mmoja hapa, mwingine pale, mpaka mnajikuta katikati ya kundi zima. Wale watoto wanaopenda mabuyu ya pakiti sasa watauona mti unaoyazaa. Shina lake nene ni laini kama sponji na hushika maji mengi, ndiyo maana mbuyu unaweza kusimama miezi mingi bila mvua na usife.

Kisha barabara inateremka hadi Mto Athi. Simameni mahali salama, nje ya lami. Huu ndio mto uletao maji kutoka upande wa Nairobi, ambao mbele unaitwa Galana, na ukikaribia bahari karibu na Malindi unaitwa Sabaki. Mtu wa Nairobi aangalie vizuri, kwani uchafu anaoutupa kwenye mto wa mtaa wake hupitia hapa.

Ng'ambo ya Athi mnapanda Nyanda za Juu za Yatta. Ukizitazama kwa mbali ni kama ukuta mrefu uliokatwa sawasawa juu kwa kisu. Zaidi ya miaka milioni kumi iliyopita, lava ilitiririka kwenye bonde la mto wa kale na kulijaza, kisha ikaganda ikawa jiwe gumu. Ardhi laini ya kandokando ikaliwa na mvua na upepo, lakini lava ikabaki. Kilichokuwa bonde sasa ni mlima! Ukuta huo una urefu wa karibu kilomita 300, kutoka upande wa Ol Donyo Sabuk hadi ndani ya Tsavo, na huhesabiwa miongoni mwa mikondo mirefu zaidi ya lava duniani.

Ghala la mchanga

Kutoka Ikutha kupitia Mutomo hadi Kitui mtavuka madaraja mengi ambayo chini yake hamna maji, ila mchanga mweupe mtupu. Mtoto atauliza, kwa nini wajenge daraja juu ya mchanga? Mwonyeshe yule mama aliye katikati ya mto na punda wake. Amechimba shimo, na anateka maji kwa kata taratibu, akijaza mitungi ya plastiki.

Mchanga ndio tangi la Mkamba. Mvua inapokoma, maji hubaki katikati ya chembe za mchanga, ambako jua haliwezi kuyafikia, na mchanga wenyewe huyachuja. Watu wa Kitui wameliendeleza jambo hili kwa kujenga kuta za mawe na saruji zinazokinga mito hiyo. Kila mafuriko huleta mchanga unaorundikana nyuma ya ukuta, mpaka mto unakuwa ghala. Robo ya ghala hilo au zaidi huwa ni maji. Mabwawa ya namna hiyo ni mamia katika Kitui, na wageni wametoka nchi za mbali kuja kujifunza.

Sasa nawe, msomaji wa mjini, jiulize: nyumba yako ilijengwa kwa mchanga wa wapi? Sehemu kubwa ya mchanga uliojenga maghorofa ya Nairobi ulichotwa kwenye mito ya Ukambani. Lori moja likiondoka limejaa, mto umepoteza mchanga pamoja na maji ambayo ungeyahifadhi msimu ujao. Mahali ulipochotwa mpaka kwenye mwamba, yule mama na punda wake hawana budi kutembea mbali zaidi. Mwaka wa 2015 Kaunti ya Makueni ilipitisha sheria ya kuhifadhi mchanga na kuunda mamlaka ya kuusimamia. Haikuwa kwa uchoyo. Kwao, kulinda mchanga ni sawa na kulinda kisima.

Mlima uliotupa jina

Laleni Kitui, na asubuhi mpande Ivia ya Nzambani, jabali kubwa lililo kilomita chache nje ya mji. Kuna ngazi za chuma hadi juu. Wenyeji husimulia kwamba ukilizunguka jabali hilo mara saba, mwanamume hugeuka mwanamke na mwanamke hugeuka mwanamume. Watoto watataka kujaribu. Wengi huacha baada ya mzunguko wa kwanza kwa uchovu.

Asubuhi isiyo na mawingu, kutoka sehemu za juu za Kitui, macho yanaweza kuuona Mlima Kenya upande wa kaskazini-magharibi. Mnamo Desemba 3, 1849, mmishonari Johann Ludwig Krapf, aliyekuwa ametoka Rabai kumtembelea mfanyabiashara maarufu Kivoi, aliuona kutoka hapa Kitui. Wakamba waliuita Kiinyaa, na inaaminika kwamba kutokana na matamshi hayo tukapata jina la nchi yetu. Kwa hiyo, katika siku mbili, jamaa yako itakuwa imepata nafasi ya kuona milima miwili mirefu kuliko yote Afrika bila kutoka Ukambani.

Kurudi Nairobi piteni Kwa Vonza, ambako mtazivuka tena zile Nyanda za Yatta, kisha Wamunyu, Masii na Machakos. Wamunyu ni kitovu cha wachongaji wa vinyago. Mutisya Munge wa hapo, anayehesabiwa baba wa sanaa hiyo Ukambani, aliipata Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Nunua kijiko hata kimoja, na umwambie fundi "Ni muvea", yaani asante.

Kabla ya kuondoka

Majira mazuri ni kuanzia Desemba hadi Februari. Mvua ya vuli huwa imeigeuza nchi kuwa kijani, maembe yameiva na milima huonekana. Julai ni baridi na mawingu mengi. Asiye na gari apande garimoshi linalosimama Emali na Kibwezi, au matatu za Kitui kutoka Nairobi. Usiendeshe usiku.

Na hili tulikazie. Mto mkavu si barabara. Mvua ikinyesha milimani, maji hufika yakinguruma hata mahali ambapo jua linawaka. Mnamo Desemba 4, 2021, basi lilisombwa likijaribu kuvuka Mto Enziu uliofurika karibu na Mwingi, na watu zaidi ya 30 wakafa. Ukikuta maji yamepita juu ya barabara au daraja, ngoja, hata kama ni kwa saa tano. Kwa kawaida mito hii hupungua upesi kama ilivyofurika, na anayengoja hufika.

Mkirudi jioni mtakutana na malori ya mchanga yakielekea mjini kama nyinyi. Waulize watoto tena lile swali la asubuhi ya kwanza. Wakilinyoshea lori kidole na kusema, "Maji yale pale, yanaondoka," basi petroli yako haikupotea bure.