Foleni ya Mbwa Chini ya Mkuyu

Msafiri atokaye Musoma kwenda Tarime huuvuka Mto Mara penye daraja la Kirumi, mahali ambapo mafunjo yametanda huku na huku kana kwamba mto umesahau njia yake. Mbele ya hapo nchi huanza kuinuka, na afikapo Tarime mjini mtu wa pwani hulitafuta sweta lake mapema. Migomba, mahindi na kahawa vimeshika vilima. Ukiiacha Tarime ukashika njia ya Nyamwaga na Nyamongo, penye machimbo ya dhahabu, utauvuka mto ule ule mara ya pili, na kidogo kidogo miti hupungua, nyasi huzidi, na makundi ya ng'ombe huwa mengi barabarani. Hapo umeingia Wilaya ya Serengeti, ambayo makao yake makuu ni mji wa Mugumu.

Wengi wetu tukisikia jina la Serengeti huwaza simba. Mimi nilikwenda kutazama mbwa.

Katika nchi hii ya Wakurya, Waikoma na Wangoreme, mbwa si pambo la nyumba. Ana kazi yake. Usiku hulala mlangoni mwa zizi na kuwaamsha wenyewe anaponusa fisi au mwizi. Mchana hufuatana na watoto machungani. Ujira wake ni makombo ya ugali. Sisi wa mijini tunaoandika "Mbwa Mkali" getini, pengine hata mbwa mwenyewe hatuna, tungeona haya mbele ya mfanyakazi huyu.

Nilifika katika kijiji kimoja siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Chini ya mkuyu ulio karibu na shule iliwekwa meza, daftari na kasha la barafu lenye dawa. Foleni ilikuwa ndefu, na walioishika zaidi walikuwa watoto. Mmoja alivutwa na mbwa wawili kwa kamba ya katani, mwingine alimleta wake kwa baiskeli, amemfunga juu ya karia. Mbwa ambaye hajapata kufungwa kamba tangu azaliwe, ukimsimamisha kati ya mbwa wa maboma mengine thelathini, kelele zake msomaji unaweza kuzikisia.

Daktari wa mifugo aliniambia kwamba kuchoma sindano ni kazi ya nukta chache tu. Kazi hasa ni maneno yanayoitangulia. Nikayasikia mwenyewe. Mzee mmoja alisogea na jibwa lake jekundu, akasema:

"Daktari, huyu ukimchoma atalegea. Nani atanibwekea usiku?"

"Shikamoo, mzee wangu. Mwaka jana si nilimchoma?"

"Marahaba. Ulimchoma."

"Je, alibweka au hakubweka?"

Mzee akafikiri. "Alibweka mpaka majirani wakalalamika."

Watu wakacheka, na mbwa akachomwa. Lakini mzee alipotaja kwamba amewaacha nyumbani watoto wa mbwa kwa kuwa bado wananyonya, daktari aliacha mzaha. Alieleza kwamba hilo ndilo kosa la wengi. Mbwa wa vijijini hawaishi sana, na kila mwaka huzaliwa wengine wasio na kinga. Ukiwaacha wadogo, kijiji kilichokingwa leo kitakuwa wazi baada ya muda mfupi. Inatakiwa mbwa 7 katika kila 10 wawe wamechanjwa ili ugonjwa ukose pa kupita. Mzee akamwita mjukuu wake: "Kimbia nyumbani ukawalete."

Kando ya foleni alisimama mama mmoja asiye na mbwa. Nilimwuliza amefuata nini. Alijibu kwamba amekuja kuhakikisha mbwa wa jirani zake wamechomwa wote. Mwaka uliotangulia mwanawe aliumwa mguuni na mbwa asiyejulikana atokako. Zahanati ya karibu haikuwa na dawa. Ikabidi auze mbuzi, ndipo akapata nauli na gharama za kumpeleka mtoto hospitali kubwa, tena si mara moja, maana sindano hizo hutolewa kwa awamu. "Mbuzi alikwenda," alisema, "lakini mtoto ni yule pale." Akanionyesha mvulana aliyekuwa amemshika mbwa wa watu shingoni ili achomwe.

Mama huyo alifanya jambo moja la maana kabla ya yote: alilisafisha jeraha. Madaktari hutaka lioshwe kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha mtu aende hospitali siku ile ile bila kungoja aone mbwa atakuwaje. Dalili huweza kukawia majuma au miezi, na zikisha kuonekana, dawa hakuna.

Kwamba njia ya kumkinga mtoto ni kumchoma mbwa, ilithibitika katika wilaya hii hii. Kampeni iliendeshwa hapa kati ya mwaka 1996 na 2001. Baada ya awamu ya kwanza ugonjwa kwa mbwa ulipungua kwa asilimia 70, na baada ya ya pili kwa asilimia 97. Watu walioumwa na mbwa wenye dalili za kichaa walipungua pia, lakini katika Wilaya ya Musoma, ambako mbwa hawakuchanjwa, hawakupungua.

Hata simba wanahusika. Mwaka 1994 ugonjwa mwingine wa mbwa, uitwao distempa, uliingia hifadhini ukaua simba wapatao 1,000, yaani kama theluthi moja ya simba wote wa Serengeti. Huo umekuwa mgumu zaidi kuung'oa, kwa kuwa umeonekana kuendelea porini hata mbwa wa vijijini wanapokingwa. Kichaa hakina maficho hayo. Hapa tegemeo lake ni mbwa wa nyumbani.

Shida ya siku zote ni barafu, kwani vijiji vingi viko mbali na jokofu. Lakini utafiti uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kwamba chanjo ya aina mojawapo hubaki na nguvu kwa miezi 6 katika joto la nyuzi 25, na miezi 3 katika nyuzi 30. Kwa hiyo mkoani Mara umefanywa mpango wa majaribio wa kuiweka vijijini katika vyungu vya udongo vinavyopozwa kwa maji, ili mtu wa hapo hapo achome mbwa mwaka mzima pasipo kungoja gari la wilaya. Bibi zetu waliotunza maji ya kunywa mtungini wasingeshangaa.

Jua lilipoanza kushuka foleni ilikwisha. Daktari alihesabu chupa, akalifunga kasha na kuanza kunawa mikono. Ndipo tukamwona yule mjukuu akija mbio, karai kichwani, na ndani yake watoto wa mbwa wanne wakilia. Daktari akajifuta mikono, akalifungua kasha.