Nilirekebisha Namba, Nikaua Samaki

Leo siandiki kuhusu programu bali kuhusu tangi langu la samaki: lita 60 za maji, mimea, na gapi 12. Sasa wamebaki watatu.

Maji ya mfereji hapa Nairobi, ambayo mengi hutoka bwawa la Ndakaini, ni laini. Yana kabonati kidogo, na kabonati ndiyo inayozuia asidi. Bakteria wa kwenye chujio wanapogeuza amonia ya kinyesi kuwa nitriti, kisha nitrati, asidi hutokea na kabonati huisha. Mimi kwa miezi mitatu sikubadilisha maji, niliongezea tu yaliyopungua. Tena nikakata mimea karibu nusu, na kumbe ndiyo iliyokuwa ikifyonza sehemu ya amonia.

Jumamosi nikapima pH: 6. Nikaona ni ya chini mno. Mfereji ulikuwa mkavu, basi nikanunua kwa mwenye mkokoteni mtungi wa lita 20 wa maji ya kisima, yenye pH 8. Nikatoa theluthi ya maji ya tangi, nikamimina hayo. pH ikapanda hadi 7.6, nami nikafurahi.

Baada ya saa moja samaki walikuwa juu wanatweta. Binti yangu akauliza, "Baba, si ulisema unawatibu?"

Ndipo nikapima amonia. Ilikuwa nyingi, na ilikuwepo tangu mwanzo: pH ikishuka hivyo, bakteria huzubaa. Lakini katika maji ya asidi, karibu amonia yote hukaa katika umbo lisilodhuru sana. Kwa joto la nyuzi 25, kwenye pH 6 ni sehemu kama 6 tu katika 10,000 zilizo sumu kali. Kwenye pH 7 ni 57. Kwenye pH 8 zinapita 500. Asidi niliyoiona ugonjwa ndiyo iliyokuwa ikiwalinda.

Sisi waandika programu tunajua kwamba hubadilishi kitu kwenye seva inayofanya kazi kabla ya kujua nini kinakitegemea. Nyumbani nilisahau.

Siku hizi nabadilisha robo ya maji kila wiki, na napima amonia na kabonati kwanza. pH naitazama mwisho. Binti ndiye anayeandika namba daftarini, na haniamini tena bila kuziona.